Wati Moja

Baba Tunu aliketi, akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Weka wati mia, Mama Tunu. Huoni mlima ule?"

"Wati moja," alisema mkewe, akizungusha kitufe cha redio yao ya mawasiliano kushuka. Kando ya redio kilikaa kisanduku alichokiunda mwenyewe, cha kubadili masafa ili wampate Tunu ng'ambo ya mlima. "Redio inakisukuma tu, kazi kinafanya chenyewe. Kile cha kwanza ulikiunguza kwa mia yako."

"Haya, moja! Lete hapa." Akanyakua maikrofoni. "TUNU!"

Mshale wa kipimo cha nguvu kwenye redio uliruka kupita alama nyekundu. Mama Tunu akachomoa waya haraka, akakigusa kisanduku. Kilikuwa bado kizima.

"Hata kwa wati moja, ukifoka inaruka," alisema. "Nguvu inafuata sauti yako."

Baba Tunu alitazama pembeni. Binti yao alihama akisema amechoka kufokewa, na tangu siku hiyo huongea na mama yake tu.

Mama Tunu alirudisha waya. Mumewe akaileta maikrofoni karibu na midomo, akasema taratibu, kama mtu aliyepakata mtoto aliyelala:

"Tunu, mwanangu. Hujambo?"

Mshale ulitikisika, ukatulia chini ya alama. Spika ikakoroma, kisha sauti ya Tunu ikaja safi kabisa.

"Sijambo. Shikamoo, mzee. Nakusikia vizuri sana. Samahani, naongea na nani?"

Baba Tunu alibonyeza kitufe cha kujibu, akakishikilia. Mshale ukabaki kwenye sifuri.