Siku Mashine Ilipokubali

Uligeuza uso. Usiniambie ulikuwa unatafuta ufunguo mfukoni. Jirani yako alipita mbele ya dirisha lako akisukuma godoro juu ya baiskeli, watoto wakimfuata, nawe ukavuta pazia. Nilikuona. Basi leo kaa hapo usikilize habari ya mume wake, Ngeleka, na hilo pazia liache wazi.

Chuma kilikuwa kimeharibika tena. Gurudumu la pompe ya kuvuta maji, lile lenye mabawa yaliyojipinda, lilikuwa na bawa moja lililokatwa katikati kama kwa shoka. Ngeleka alitia kidole kwenye jeraha. Bado lina moto. Na ni palepale pa juma lililopita.

"Tena?" patron, mwenye karakana, aliuliza.

"Anajifunza bado, patron," Mwenze alijibu upesi, kabla Ngeleka hajafungua kinywa. "Ile machine ni nguvu. Hapana kumusukuma."

Karakana yao, barabara ya Mutoshi, ilikuwa imenunua fraiseuse kuukuu, mashine ya kuchonga chuma, kutoka Ulaya. Kisu chake kinakwenda pande zote, kichwa kinainama, na meza inayobeba chuma inazunguka. Amri zote zimo katika matundu ya utepe mrefu wa karatasi, ruban. Mwenze, fundi mwenyeji, ndiye aliyefunga chuma mezani. Ngeleka ndiye aliyekuwa anajifunza kuandika zile amri. Bila gurudumu, maji hayatoki shimoni, na patron anapoteza kazi ya mgodi.

Zilikuwa siku zile vijana walipozunguka na fimbo wakisema Wakasaï warudi kwao. Ngeleka alizaliwa hapahapa Kapata. Babu yake aliletwa kwa treni kutoka Kasaï kuchimba shaba ya watu wengine. Nani aliuliza hayo? Pale karakana Wakasaï wenzake walikwisha kufukuzwa mmoja mmoja, akabaki peke yake. Vijana walikaa ng'ambo ya barabara, wakimtazama akiingia na kutoka. Hawakumgusa.

"Patron anajua kazi yangu," alimwambia mkewe, Tshibola. "Nikitoa gurudumu nzima, hakuna mutu atatufukuza mu hii nyumba."

"Na kama ile machine inakatala?"

Ngeleka alirudi kwenye karatasi yake ya amri.

Ugonjwa wa mashine alikuwa ameshaujua. Meza ikifika mwisho wa mzunguko, ilirudi nyuma mzunguko mzima huku kisu kingali ndani ya chuma, kikifagia kila kitu njiani. Dawa yake: kisu kiinuke kwanza, meza igeuke, ndipo kishuke. Ngeleka aliiandika amri hiyo. Akaijaribu hewani, bila chuma, na kisu kikainuka vizuri kama kuku anayeinua mguu. Kilipowekwa chuma, hakikuinuka.

Basi kuna mkono wa mtu.

Alitoboa ruban nyingine, akaificha ndani ya shati. Saa ya watu kwenda kula bukari, ule ugali wa mchana, akachukua ile ya mashine, akazilaza pamoja dirishani. Ile ya mashine ilikuwa fupi. Kipande kama cha kidole kimekatwa, ncha zikaunganishwa kwa gundi, safi kabisa. Pale karakana mkono safi namna hiyo ulikuwa mmoja tu, wa Mwenze.

Mchana uleule Mwenze alimfuata bombani.

"Ngeleka, siku ya Mungu kuya kwangu. Kuko maneno ya kuzungumuza."

"Sema hapa."

Mwenze alimtazama mtunza stoo, shemeji wa patron, aliyekuja kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Hapa hapana."

Nyumbani, Tshibola aliacha mwiko ndani ya chungu. "Hapana kuenda! Baba ya Laurentine, Mukasaï mwenzetu, bale ba jirani balimwita vile vile, eti kunywa pombe. Banamurudisha na kichwa ya kupasuka. Ule Mwenze anakuitia nini, harusi?"

Jumapili ilipofika, hakwenda.

Siku ya Posho, Jumamosi iliyofuata, patron alikuja na wakubwa wa mgodi. Mwenze alikuwa ameshaweka ruban kwenye mashine. Ngeleka aliitoa, akavuta yake kutoka ndani ya shati. Uso wa Mwenze ukawa majivu.

"Ndugu yangu, hapana," alinong'ona. "Sema machine iko mugonjwa. Sema tu vile."

"Ni weye ulikuwa unakata ruban!" Ngeleka alipaza sauti mbele ya wote. "Wivu! Unataka banifukuze!"

Mashine ikaanza kunguruma; Mwenze alirusha mkono kwenye kitufe chekundu cha kuizima. Ngeleka akamdaka, mtunza stoo akamsaidia, wakamkalisha chini. Kisu kikainuka. Meza ikageuka. Kisu kikashuka, nyuzi za chuma zikamwagika, na jua lilipoanza kulala gurudumu lilikuwa mezani, zima, linang'aa.

Patron alimkumbatia Ngeleka. "Na ya pili?"

"Ruban ni ileile, patron," Ngeleka alicheka, machozi yakimlenga. "Unafunga chuma, unabonyeza. Hata weye unaweza."

Patron aliizungusha ruban taratibu, akaitia katika koti lake. Kisha akamgeukia Mwenze pale sakafuni.

"Ulinipigia magoti, Mwenze, nikakubali: hakuna wa kumugusa Ngeleka mupaka amalize kazi. Sasa amemaliza." Akamwita shemeji yake. "Enda uambie bale bavijana baingie."

Tshibola, yule uliyemvutia pazia, na watoto wake wako kwenye sementi ya kituo cha treni bila Ngeleka, wakingoja treni ya Kasaï, na mvua imeanza. Wewe una nyumba. Simama ukawachukue, sasa hivi.