Siruhusiwi Kubaki Naye

Mama alipofungua mlango, mdogo wake alikuwa ameshainama kizingitini, anamvua viatu binti yake wa miaka minne.

"Dada, nachelewa zamu. Nitamfuata saa kumi na moja."

Mama alibaki ameshika kitasa. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa akija kwao kila Jumatano tangu mtoto wake mama, mvulana wa miaka kumi na moja, amshike vibaya mtoto wa jirani. Afisa alimsihi mama mambo mawili: mvulana asiachwe peke yake na watoto wadogo, na ndugu wa karibu waambiwe. La kwanza alilikubali. La pili alikuwa akiliahirisha.

"Haya, mdogo wangu, we nenda tu," alisema.

"Mama mdogo, usimwache."

Mwanawe alikuwa amesimama kando ya meza, kichwa chini, anachokonoa ukucha mpaka damu inatoka.

"Siruhusiwi kubaki naye. Nilimfanyia mtoto wa watu tabia mbaya. Yule dada wa ustawi kasema nikiogopa nimwambie mtu mzima."

Vidole vya mama mdogo viliganda juu ya mkanda wa kiatu. Hakumtazama mvulana. Alimtazama dada yake.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Jumamosi iliyopita nilimwacha hapa kutwa nzima."

"Wallahi sikuwatoa machoni hata dakika..."

Mama alikuwa amekumbuka mvua ilivyoanza ghafla siku ile, naye akatoka mbio uani kuanua nguo.