Kufuli ya Tatu

Sanduku la akiba la kikundi lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mwanamke wake. Siku hiyo Bi Nyabise, mwenye ufunguo wa tatu, hakutokea.

Tindwa, fundi wa programu aliyekuja kuwafundisha kuweka akiba kwa simu, aliona zamu yake imefika. Akainua simu.

"Kwa hii, mama zangu, hamtamsubiri mtu tena."

Hakuna aliyemtazama. Walikwisha kusimama, wanajifunga kanga.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa Nyabise," alisema mwenyekiti. "Hajakosa hata siku moja."

Walimkuta sakafuni, anahema kwa shida. Wakambeba kwa blanketi, Tindwa ameshika upande wa kichwani. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwa Nyabise, na kila hatua ulimgonga Tindwa vidoleni.