Ukili wa Mke Mwenza

Huu ulikuwa mwezi wa pili Mize anajifunza kusuka ukili wa mkeka, na wake bado ulipinda kama mkia wa mbwa. Alijiambia vidole vyake ni vya kushika mwiko tu. Ukili wa Mwanamvua, mke mwenzake, ulinyooka. Mume wao aliusifu mpaka uji ukapoa.

Mwanamvua alipokwenda kisimani, Mize aliunyakua akaanza kuufumua kwa wivu. Shibiri ya kwanza aliifumua haraka. Ya pili akapunguza mwendo, maana aliona kila mwaa, ule utepe wa mkindu, unavyopita juu ya miwili na kuzama chini ya miwili.

Mwanamvua aliporudi alimkuta anausuka upya.

“Mwenzangu, wangu umeishia wapi, wako umeanzia wapi?” aliuliza, akipitisha kidole juu ya ukili.

Mize alikikodolea macho kile kidole. Kilipita pale alipoanzia yeye, wala hakikusimama.