Foleni ya Kuku wa Mferejini

Sogeeni hapa kwangu, wajukuu, na anayetafuna atafune kimyakimya.

Kuku wa mtaa wa Mferejini walimchagua Paka Shume miaka yote, kwa kuwa mama zao walimchagua. Paka akajisahau. Mfereji ukaziba, na kila mvua ikinyesha mayai yao yanasombwa.

Uchaguzi ukafika. Desturi yao ilikuwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, naye haruhusiwi kugeuka mpaka wahesabiwe. Kando ya Paka alisimama Bata, aliyeahidi kuuzibua mfereji.

"Kuku wangu, mpo?" Paka akauliza, macho mbele.

"Tupo, mheshimiwa!" akajibu Bi Tetea, akiparura na kupiga kelele za kuku thelathini.

"Nilijua! Mtakwenda wapi nyie?"

Kunguru akahesabu. "Bata, ishirini na tisa. Paka, mmoja."

Paka akageuka. Bi Tetea alikuwa peke yake.

"Mmoja huyu ni heshima ya mama zetu, baba," akamwambia. "Lakini mayai ni yetu."

Basi Bata akarithi kiti na koleo, kuku wakarithi viota vikavu, na Paka akarithi shingo ya kugeuka nyuma kila hatua tatu.