Langilangi Mbichi

Bi Mwanasha alikuwa akitunga kikuba, kishada cha maua cha nyweleni, cha Rukia, bibi harusi, binti wa mumewe, ambaye yeye alimlea tangu mdogo bila kuitwa naye mama. Asumini alizichuma zingali zimefumba, zipate kufumbuka kichwani usiku.

Rukia akaja na langilangi, maua ya mti wa marehemu mama yake, akazimwaga kwenye sinia.

"Nataka hizi tu."

"Mbichi hizi, mwanangu. Asumini huchumwa changa, lakini langilangi hungojewa iwe manjano ndiyo inukie."

"Nani kakwambia, Bi Mwanasha?"

"Mama yako, chini ya mti uleule."

Rukia akatoka, akarudi mtini. Aliporudi, aliweka langilangi ya manjano katikati ya asumini, akaketi mbele ya Bi Mwanasha, akamgeuzia kisogo, nywele kaziinua kwa mikono miwili.