Mkono Mwepesi

"Hii inataka mkono wa mwanaume," fundi Nkwabi alisema, akiisukuma mbele masta silinda, pampu ya breki ya mkono, yenye pistoni nene. "Hii nyembamba inabanika hata kwa vidole viwili. Chagua."

Masele alizibana zote mbili kwa zamu, macho kayafumba. Nje ya banda, pembeni mwa soko la Katoro, ilisimama Honda kuukuu, ya enzi za mabwana shamba wa pamba. Breki yake ya mbele ndiyo iliyomwachia kaka yake, Sostenes.

Mafuta ya breki yalikuwa yakivuja. Sostenes alisema. Tajiri mwenye Honda akamjibu afunge kitambaa. Sostenes alipokufa, tajiri huyohuyo akasema ni uzembe wa marehemu, na kumrudisha kwao Kishapu si kazi yake. Hata baba yao, pamba yake ilipopunjwa kwenye mizani, aliambiwa uzembe ni wake. Masele hasahau.

"Nyembamba," alisema.

"Kwa mkono huo wa jembe?"

"Si mimi nitakayebana. Ni shemeji, Mama Eustace. Viganja vimemvimba kwa kuponda mawe."

Nkwabi aliangua kicheko. "Ng'wanawane, mwanangu! Msukuma mzima upakiwe na mwanamke?"

"Hata yeye amenicheka."

"Basi nikukazie na ya nyuma. Ya mbele peke yake inapindua watu, waulize bodaboda."

"Ya nyuma haina kazi."

"Kwani mnakwenda wapi?"

"Kumchukua Sostenes."

Kicheko kilimkauka fundi. Alivua kofia. "Kwa pikipiki, jamani? Njia yenyewe ikoje?"

"Inashuka tu."

Nkwabi alishika spana. Aliifunga ile nyembamba, akatia mafuta mapya, akaminya mkono wa breki mara nyingi mpaka hewa yote ikatoka na mkono ukakaza. Kisha akauminya tena, kana kwamba haamini.

"Mwambie shemeji asikurupuke. Aachie kidogo kidogo. Roho yako iko kwenye vidole vyake."

"Anajua."

Asubuhi iliyofuata Mama Eustace aliikalia Honda ile, tairi zimevuliwa zikabaki rimu tupu, imefungwa kwa minyororo kwenye magogo juu ya mdomo wa shimo la dhahabu alimoangukia na kubaki Sostenes. Kamba iliizunguka rimu ya mbele, ikaishia kiunoni mwa Masele.

"Achia kidogo kidogo, shemeji," alisema, miguu yake ikining'inia gizani.